Moyo wa Marcus Aurelius: shajara ya tafsiri, Januari hadi Julai

6 Januari

Nimeanza rasmi leo. Kazi yenyewe ni kuvileta kwa Kiswahili vitabu viwili vya mwanzo vya maandishi ya Marcus Aurelius, kaisari wa Dola ya Kirumi tangu mwaka 161 hadi kifo chake mwaka 180. Navitoa moja kwa moja kwenye Kigiriki. Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya kwao na ya kazi yake, lakini alipokaa peke yake na mawazo yake aliandika Kigiriki, lugha ya falsafa ya zama zile. Hakumwandikia msomaji. Kichwa cha Kigiriki kilichotufikia kinasema tu "Kwake mwenyewe", na ukisoma ukurasa mmoja unaona ndivyo hasa: anamwita mtu "wewe, wewe", na huyo wewe ni yeye.

Hapo ndipo ulipotoka mradi huu. Katika tafsiri za Kiingereza nilizosoma, kaisari anasikika kama mtu anayehutubia darasa. Nataka kwa Kiswahili asikike kama mtu anayejisemea, tena kwa sauti ya chini.

Maandishi yote yana vitabu 12, kila kimoja kama sura ndefu. Kitabu cha Kwanza kina vifungu 17, na cha Pili 17 vilevile. Jumla 34. Nikipata viwili kwa wiki nitamaliza mwezi wa tano mwanzoni. Nimenunua kaunta buku la kwaya tatu: ukurasa wa kushoto Kigiriki kwa mkono, wa kulia Kiswahili kwa penseli.

14 Januari

Kitabu cha Kwanza hakina hoja hata moja. Ni daftari la madeni. Kila kifungu kinamtaja mtu mmoja na kile ambacho Marcus alikipata kwake: babu, baba mzazi aliyefariki yeye angali mdogo, mama, walimu, rafiki, kisha Antoninus Pius aliyemlea kama mwana na kumwachia dola, na mwisho kabisa miungu. Kitenzi hakuna. Hasemi "nilijifunza" wala "nilirithi". Ni "kwa fulani", halafu sifa zinafuatana. Nilihofu Kiswahili kitadai kitenzi, kumbe kinapita vizuri kabisa: "Kwa babu yangu Verus: tabia njema na kutokuwa na hasira."

Kifungu cha 5 kimenipa raha. Ni cha mlezi wake, mtu aliyemlea utotoni, ambaye hakutajwa jina. Kwa mlezi: kutokuwa shabiki wa Kijani wala wa Buluu katika mashindano ya magari ya farasi, kuvumilia kazi, kutohitaji mengi, kufanya mambo yangu kwa mikono yangu, kutojiingiza katika ya watu, kutokuwa mwepesi wa kusikia fitina. Msomaji aliyekulia katikati ya Simba na Yanga hahitaji maelezo ya Kijani na Buluu, na neno "fitina" limekaa mahali pake bila kulazimishwa.

Kinachonigusa ni nafasi ya mtu huyu. Yuko katika orodha moja na maseneta na wanafalsafa, mbele ya wengi wao, na deni lake limeandikwa kwa urefu kuliko la baba mzazi.

30 Januari

Wiki mbili kwa vifungu vitatu tu, na kosa ni la neno moja: philostorgia.

Linatokea katika kifungu cha 11, cha mwalimu wake wa ufasaha, Cornelius Fronto, mtu wa Cirta, kaskazini mwa Afrika, katika Algeria ya leo. Kwa Fronto, anasema Marcus, niliona kwamba hawa tunaowaita watu wa ukoo mkubwa kwa kawaida hawana philostorgia. Fronto naye, katika barua yake moja, anadai kwamba Warumi hawana hata jina la kitu hicho, pengine kwa sababu Roma hakipo. Ni lile pendo la damu, la mzazi kwa mwana na mwana kwa mzazi, linalozidi hapo na kuwafikia wasio ndugu.

"Upendo" ni pana mno na limechoka. "Mahaba" linakwenda kwingine. "Huruma" linamweka mpendwa chini. Siku tisa nimezunguka, kisha jana jioni nikamsikia jirani akimsemea mama mmoja aliyekesha hospitali na mtoto: "Mwache, uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Neno ndilo hilo. Kiswahili kinaiita hali hiyo uchungu, na tunasema mtu "ana uchungu na watu wake" bila kumaanisha chuki wala maumivu ya mwili.

Nimelijaribu kila linapotokea. Kifungu cha 9, cha Sextus wa Chaeronea: mtu asiyetawaliwa kabisa na hamaki wala tamaa, na papo hapo mwenye uchungu mkubwa na watu. Kigiriki kinayaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, na Kiswahili kinaubana mgongano ule vilevile. Kifungu cha 17, anapowashukuru miungu kwa ajili ya mkewe Faustina: mtiifu, mwenye uchungu na watu wake, asiye na makuu. Faustina alimzalia watoto wasiopungua 13, na wengi wao walikufa wadogo. Sasa neno linabeba hata hilo ambalo yeye hakuliandika.

Na inasimuliwa kwamba Marcus kijana alipomlilia mlezi wake aliyefariki, watu wa ikulu wakamkataza, Antoninus akawaambia wamwache awe binadamu, kwani falsafa wala ufalme haviondoi hisia za mtu.

8 Februari

Nilijipa ruhusa ya kutoka nje ya matini kwa siku nne ili nisome barua za Fronto na Marcus. Barua hizo zilipotea kwa karne nyingi. Zilikuwa zimeandikwa juu ya ngozi, kisha wino ukafutwa na juu yake yakaandikwa mambo ya Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu. Angelo Mai, mtunza maktaba, ndiye aliyezigundua chini ya maandishi ya juu, kwanza Milano, akazichapa mwaka 1815, kisha sehemu nyingine Vatikano. Dawa aliyotumia kuuibua wino wa chini iliiharibu ngozi, na kurasa nyingine hazisomeki tena.

Moja inayosomeka ni ya siku ya kuvuna zabibu. Kijana Marcus ana mafua kidogo, amesukutua koo kwa maji ya asali. Wakati wa chakula cha mchana yeye amekula kipande cha mkate, huku akiwatazama wenzake wakibugia maharage, vitunguu na vidagaa vyenye mayai. Kisha wakavuna zabibu, wakatoka jasho, wakapiga kelele za furaha. Baadaye mama yake ameketi kitandani kwake wanazungumza. "Unadhani Fronto wangu anafanya nini saa hizi?" Mama anajibu: "Na Gratia wangu je, unadhani anafanya nini?" Huyo ni mke wa Fronto. Marcus tena: "Na yule shomoro wetu mdogo, Gratia mtoto?" Wanashindana nani anampenda nani zaidi, mara kengele inalia: Antoninus ameingia kuoga.

Nimeinakili nzima katika kurasa za nyuma za kaunta buku. Haitaingia katika tafsiri. Nimeiweka ili kila ninapoanza kumfanya Marcus mgumu kama jiwe nirudi kuisoma.

19 Februari

Jambo la matini, kwa kumbukumbu. Vitabu vyote 12 vilichapwa mara ya kwanza mwaka 1559, mjini Zürich, katika kiwanda cha Andreas Gesner, pamoja na tafsiri ya Kilatini ya Wilhelm Holzmann aliyejiita Xylander. Mswada waliotumia umepotea tangu hapo. Mwingine ulio karibu kamili, wa karne ya 14, uko Vatikano. Kwa hiyo kila tunachokisoma kinategemea nyuzi mbili, mmoja wao umekatika. Mahali pengine Kigiriki kimeharibika waziwazi, na hapo nitaweka nyota pembeni badala ya kubuni.

Hali: Kitabu cha Kwanza, vifungu 15 kati ya 17.

7 Machi

Siku kama ya leo mwaka 161 Antoninus alifariki, Marcus akawa kaisari, na mara moja akamtaka Lucius Verus, ndugu yake wa kulelewa, watawale wote wawili. Mimi leo nimekwama.

Kitabu cha Kwanza kimekamilika. Kabla ya kifungu cha kwanza cha Kitabu cha Pili pana maneno machache yanayotaja mahali: kwa Waquadi, kabila la Kijerumani, kando ya mto Granua. Mto huo leo unaitwa Hron, uko Slovakia, unaingia Danube. Basi hapa tumetoka kwa babu na mama, tumefika vitani. Na kifungu cha 2 kinaanza hivi, kwa ukali wa mtu asiye na muda: hiki nilicho, chochote kile, ni vitu vitatu. Nyama kidogo, pumzi kidogo, na hegemonikon.

Neno hilo ni uti wa mgongo wa falsafa ya Wastoa, shule aliyoifuata Marcus. Ni kile kinachoongoza ndani ya mtu. Kinapokea taswira za vitu, kinazikubali au kuzikataa, kinasukuma mwili utende, na ndicho chenye kufikiri. Kitu kimoja, kazi zote hizo. Nisipolipata neno hili Kitabu cha Pili hakitafsiriki, wala vinavyofuata.

Nimejaribu haya kwa wiki nzima:

Akili. Inafikiri, sawa, lakini kwetu akili haitaki wala haikatai. Mtu ana akili nyingi na bado hatendi.

Nafsi. Nimeshaiweka kwa neno jingine la Kigiriki, psyche, na siwezi kulitumia mara mbili.

Roho. Inamvuta msomaji kanisani au msikitini kabla Marcus hajafungua mdomo, tena inagongana na pumzi.

Nahodha. Nililipenda siku mbili. Lakini Kigiriki hakina bahari hapo, na ningekuwa nimemvika Marcus kanzu ya kwetu kwa sababu tu inapendeza.

Kiongozi wa ndani. Sahihi, na limekufa. Hakuna mtu anayejiamsha alfajiri akamwambia kiongozi wake wa ndani kitu chochote.

2 Aprili

Nimekwenda Unguja kumwona Maalim, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyenifundisha mashairi miaka mingi iliyopita. Tumekaa barazani kwake tangu alasiri hadi adhana ya magharibi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na Mrumi wako?"

Nikamsomea maneno yangu yote matano na sababu za kuyakataa. Akanisikiliza macho kayafumba. Kisha:

"Hicho kitu chenu, kinafanya kazi gani?"

Nikamweleza: kinapokea, kinakubali, kinakataa, kinaamuru, kinafikiri.

"Mtu akifiwa, mnamwambiaje huko kwenu?"

"Apige moyo konde, Maalim."

"Nani anayepiga, na nani anayepigwa?"

Nikanyamaza.

"Ukihifadhi sura, unaihifadhi wapi?"

"Moyoni."

"Ukikusudia jambo usilitamke?"

"Moyoni."

"Basi mwanangu, neno unalo. Unalitafutia nini pembeni?"

Halafu akanikumbusha nilichopaswa kukikumbuka mwenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, hamsemeshi msomaji. Anausemesha moyo wake. Anauonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka na kuuliza unangoja nini. Mtu anayejiambia, kwa ukali na kwa uchungu, kwamba dunia inapita: sauti hiyo Kiswahili kinayo tayari, na imo katika kinywa cha kila aliyelelewa na tenzi. Nilikuwa naitafuta katika kamusi.

Nikiwa pale nimeandika jambo jingine pembeni ya daftari. Wastoa wamepata jina lao kwa stoa, ukumbi wenye nguzo, wazi upande mmoja, ambapo Zeno wa Citium alifundishia Athens karibu na mwaka 300 KK. Mahali pa kupumzikia kivulini na kuzungumza, mpita njia anasikia na akitaka anaketi. Nimekuwa nikieleza jina hili kwa "ukumbi". Nitaeleza kwa "baraza".

10 Aprili

Sikutaka kulipokea neno kwa sababu ya mapenzi tu, kwa hiyo nimelipeleka kwa Wastoa wenyewe.

Limepita. Wastoa waliiweka hegemonikon moyoni, katika kifua, hawakuiweka kichwani. Hoja yao ilikuwa ya sauti: maneno hutoka katika njia ya pumzi, kutoka kifuani, na maneno ni fikra iliyotoka nje, basi fikra nayo chanzo chake ni huko huko. Chrysippus, mmoja wa wakuu wa Wastoa, aliitetea hoja hiyo kwa urefu.

Na mtu aliyeipinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa tabibu wa Marcus mwenyewe. Galen wa Pergamon alifika Roma mwaka 162, na hapo akawaonyesha wakubwa wa mji, akiwamo Flavius Boethus aliyewahi kuwa konsuli, jambo hili. Anamfunga nguruwe aliye hai, anamfungua shingo, na nguruwe anapiga kelele. Galen anapitisha uzi chini ya mishipa myembamba ya fahamu iliyo kando ya njia ya pumzi. Anaukaza uzi: nguruwe kimya, mdomo unahema lakini sauti hakuna. Anaulegeza: kelele zinarudi. Mishipa ile inatoka katika ubongo. Kwa hiyo, akasema, sauti inapita kifuani lakini amri inatoka kichwani, na hoja ya Chrysippus imeanguka.

Alikuwa sahihi. Lakini kwangu swali ni Marcus alifikiri kwa lugha ya nani alipoandika, na alipoandika alifikiri kwa lugha ya Wastoa. Basi "moyo" ni tafsiri yenye mizizi kuliko "akili" ambayo ingempendeza Galen.

Nimeendelea na Galen hadi usiku, kwa sababu yeye ndiye dirisha la zama zenyewe. Mwaka 166 aliondoka Roma kurudi kwao. Majeshi yaliyotoka kupigana na Waparthi mashariki yalikuwa yamerudi na tauni, na wanahistoria wengi wanaona ilikuwa ndui: homa, kuharisha, vipele vyeusi mwili mzima. Makaisari wakamwita Galen Aquileia, kaskazini mwa Italia, ambako jeshi lilipiga kambi majira ya baridi ya mwaka 168 na 169. Tauni ikaua watu kwa wingi pale. Lucius Verus akafariki njiani kurudi Roma. Marcus alipotaka Galen aende naye vitani Danube, Galen akasema mungu Asklepios amemkataza, na Marcus akamwacha abaki amwangalie mwanawe Commodus.

Ni baada ya hapo ndipo yanapokuja maandishi ya kando ya Granua. Katika Kitabu cha Tisa Marcus anasema kuharibika kwa fikra ni tauni mbaya kuliko hii ya hewa, kwani hii huua wanyama kwa unyama wao, na ile huua watu kwa utu wao. Nilikisoma kifungu hicho miaka mingi kama sitiari. Alikuwa akiitazama.

26 Aprili

Marcus alizaliwa siku hii mwaka 121. Leo sikutafsiri. Nilishughulikia ombi la rafiki anayetaka nimwandikie katika dibaji kama zama hizi ziligusa pwani yetu.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinaitaja Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, lenye pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa, na kinasema jina hilo linatokana na mashua zake zilizoshonwa. Msomaji wa pwani atauona mtepe hapo. Marcus alipokuwa kijana, Ptolemy aliyekuwa akiandika Aleksandria aliiweka Rhapta katika jiografia yake. Na historia ya Wahan wa Uchina inasema kwamba mwaka 166 walifika watu kwa njia ya kusini, Rinan, katika Vietnam ya leo, wakisema wametumwa na Andun, mfalme wa Da Qin, jina la Wachina kwa Dola ya Kirumi. Andun ni Antoninus, jina ambalo Marcus naye alilibeba. Walileta pembe za ndovu, vipusa na magamba ya kasa. Mwandishi wa Kichina hakuona ajabu yoyote katika zawadi hizo, na wanahistoria wengi wanaona hao walikuwa wafanyabiashara waliojipa ujumbe.

Vitu ni vilevile vitatu. Nimeyasoma maneno hayo mara nne na kila mara mwili unasisimka. Lakini pembe na vipusa vilipatikana kwingine pia, hata njiani karibu na Uchina, kwa hiyo nimemwandikia rafiki yangu aya moja tu na nimemwomba asiiongeze chumvi.

18 Mei

Msomaji wangu wa kwanza, dada anayefundisha historia sekondari, amerudisha Kitabu cha Kwanza na swali pembeni ya kifungu cha 7: "Huyu Rusticus anayeshukuriwa hivi, ndiye yule?" Ndiye. Junius Rusticus alimpa Marcus maneno ya Epictetus, mwanafalsafa aliyewahi kuwa mtumwa, kutoka katika maktaba yake mwenyewe. Ndiye pia aliyekuwa mkuu wa mji wa Roma Justin, mwanafalsafa Mkristo, alipoletwa mbele yake karibu na mwaka 165, akamhukumu kifo. Na mwaka 177 Wakristo wa Lyon waliuawa uwanjani Marcus akiwa kaisari. Nimeamua jambo hili liingie katika maelezo ya kifungu chenyewe, palepale kwenye shukrani, lisifichwe mwisho wa kitabu.

Swali lake limenipeleka pia kwenye nguzo. Iko Roma hadi leo, Piazza Colonna, kimo chake karibu mita 30, imezungushiwa picha za vita vya Danube tangu chini hadi juu. Ilikamilika baada ya kifo chake. Nyumba za nyasi zinachomwa. Wanaume wanakatwa vichwa wamepanga foleni. Mwanamke anaburutwa, mtoto kamshika mkono.

Halafu soma Kitabu cha Kumi, kifungu cha 10. Buibui anajivuna amemnasa nzi. Mwingine kanasa sungura, mwingine dagaa kwa wavu, mwingine nguruwe mwitu, mwingine dubu, mwingine Wasarmatia. Je, ukiwachunguza wanachoamini, hawa si wanyang'anyi? Mtu anayeuliza ndiye aliyepewa cheo cha Sarmaticus mwaka 175 kwa kuwashinda Wasarmatia. Aliliona. Akaliandika kwa mkono wake, kisha akaendelea na vita. Siwezi kumtetea hapo, na sitaki tafsiri yangu imtetee kwa kulainisha neno. "Wanyang'anyi" litabaki, hata kama kifungu hicho kiko mbali na kazi ya mwaka huu.

9 Juni

Kitabu cha Pili kinakwenda mbio tangu neno lilipopatikana. Kifungu cha 1 nimekirudia mara sita, na sasa kinasomeka hivi:

"Alfajiri jiambie: leo nitakutana na mdaku, na asiye na shukrani, na jeuri, na mlaghai, na mwenye kijicho, na asiyejali mwenzake. Yote hayo yamewapata kwa kutojua lipi jema na lipi baya."

Hapo kwenye kijicho nimetumia asubuhi nzima, kwa furaha. Kigiriki ni baskanos, hasidi, lakini neno lenyewe linabeba jicho baya, lile la kudhuru kwa kutazama. Nilikuwa nimeandika "hasidi" na kupita. Kisha nikalitazama neno letu "kijicho" kana kwamba sijapata kuliona: husuda ambayo jicho limo ndani yake. Imekaa kama ufunguo katika kufuli yake.

Mwisho wa kifungu anasema tumezaliwa kushirikiana, kama miguu, kama mikono, kama kope, kama safu ya meno ya juu na ya chini. Nimeviacha vilivyo, bila kuongeza chochote.

Ninaletewa pia maneno anayosingiziwa Marcus, watu wakitaka niwaonyeshe yaliko katika Kigiriki. Linaloongoza ni lile la kwamba kila tunachosikia ni maoni na si ukweli. Halimo. Lililomo, Kitabu cha Tano, kifungu cha 16, ni zuri kulishinda: nafsi hutiwa rangi na mawazo.

12 Julai

Hali: Kitabu cha Kwanza kimekamilika. Cha Pili, vifungu 16 kati ya 17.

Jana usiku nilimpigia Maalim simu nikamsomea kifungu cha 2 polepole:

"Hiki nilicho, chochote kile, ni nyama kidogo, na pumzi kidogo, na moyo utawalao. Achana na vitabu. Usijivute tena huku na huko. Kama mtu aliye karibu kufa, idharau nyama: damu, na mifupa, na wavu uliosukwa kwa mishipa. Itazame na pumzi ni kitu gani: upepo, wala si uleule siku zote, kila saa unatapikwa na kumezwa tena. La tatu ni moyo. Fikiri hivi: wewe ni mzee. Usiuache tena uwe mtumwa, usiuache tena uvutwe kwa nyuzi kama kikaragosi."

Kimya kirefu. Nikadhani simu imekatika.

"Hilo utawalao la nini?"

Nikamweleza kwamba msomaji asiye Mstoa huenda asijue moyo hapa unatawala.

"Mbele umesema usiwe mtumwa. Atajua. Sema moyo."

Nimelifuta kwa kifutio, na doa la penseli limebaki kwenye karatasi.

Kimebaki kifungu cha 17, cha mwisho, na ndani yake neno daimon: kile cha kimungu kilicho ndani ya mtu, ambacho kazi ya falsafa ni kukilinda kisiumizwe. Nimeandika katika ukurasa mtupu maneno manne, pepo, jini, malaika, mlinzi, na mawili ya kwanza nimeshayakata. Boti ya Jumamosi naondoka nayo saa moja asubuhi.